Heri Wazi Kuliko Turubai Baya

Ukimwuliza mwenye mashua ndogo ya tanga chombo chake kinaishi wapi, atakutajia maji: Naivasha, Kilifi, Mtwapa, Kisumu. Hesabu inasema vingine. Chukua mkazi wa Kitisuru, jijini Nairobi, mwenye bidii, anayefunga trela nyuma ya gari kila Jumamosi ya pili, mvua inyeshe isinyeshe, na kuteremka Bonde la Ufa hadi Naivasha. Huyo atatweka tanga siku 26 kwa mwaka, na wenye bidii ya namna hiyo ni wachache. Siku 339 zilizobaki mashua imelala uani juu ya trela, kati ya uzio wa kayaba na shina la mjakaranda, haina kazi wala mtu anayeiangalia. Kwa hiyo anayetaka kujua chombo chake kitadumu miaka mingapi asihangaike sana na mawimbi. Aangalie kilichotupwa juu yake kikiwa nyumbani. Mara nyingi ni karatasi ya plastiki ya buluu iliyokazwa kwa kamba ya katani, na mwenyewe huingia ndani kulala akiamini ameihifadhi mali yake. Hoja yangu ni kwamba hajaihifadhi. Ameiweka katika hali mbaya kuliko kama angeiacha wazi, na pesa alizodhani ameziokoa atazilipa kwa fundi wa mbao au wa faiba. Kinachohifadhi ni turubai lililoshonwa kwa kipimo cha chombo chenyewe, linalomwaga maji na kupumua. Asiyeweza kulipata hilo, heri asifunike kabisa.

Nairobi iliwahi kuwa na maji yake ya kuchezea tanga. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji, lilikuwa uwanja wa mashua za tanga kwa miongo kadhaa, na klabu ikajengwa ukingoni mwake. Kisha tope, maji taka na magugu maji vikalivamia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uso wake ulikuwa majani matupu. Tangu hapo anayeishi Kitisuru, Loresho au Spring Valley hana budi kusafiri: kilomita 90 hivi hadi Naivasha, karibu 480 hadi Mombasa. Kuacha chombo ufuoni kunawezekana, lakini kuna mashaka yake. Maziwa ya Bonde la Ufa yalipofurika mwaka 2020, Naivasha iliingia mashambani na katika nyumba za mtaa wa Kihoto, na viboko wakafuata maji. Ndiyo maana ua wa nyumbani, mbali na ziwa na mbali na wezi wa injini, huonekana kuwa mahali salama. Na ni salama kweli, isipokuwa kwa mambo mawili yanayotoka juu: jua na mvua.

Tuanze na jua, kwa sababu ndilo linalodharauliwa. Kitisuru iko digrii moja na robo hivi kusini mwa ikweta, katika mwinuko unaozidi mita 1,700. Mwezi Machi na tena mwishoni mwa Septemba jua la mchana husimama karibu utosini. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba miale ya urujuanimno huongezeka nguvu kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ya kuichuja inapungua. Katika kipimo cha kimataifa cha miale hiyo, namba 11 na kuendelea huitwa kali kupita kiasi, na adhuhuri isiyo na wingu jijini Nairobi hufika hapo bila shida. Tatizo ni kwamba ngozi ya mtu hupima joto, haipimi miale. Mgeni kutoka Mombasa hujifunga sweta Kitisuru na kudhani jua la huku ni pole, ilhali plastiki aliyoiacha nje inapigwa kwa nguvu kuliko ile ya Nyali. Mawingu mepesi nayo hayazuii kitu kikubwa.

Sehemu kubwa ya mashua ya kisasa ni jamaa ya plastiki. Tanga ni poliesta, kamba ni poliesta au nailoni, mwili ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya plastiki, na juu yake kuna tabaka jembamba linalong'aa ambalo mafundi wa faiba huliita jelikoti. Miale ya urujuanimno hukata minyororo ya molekuli inayovipa vitu hivyo nguvu. Jelikoti hupoteza mng'ao, kisha huanza kuacha unga mweupe kiganjani unapoipapasa. Kamba huwa na manyoya na kukakamaa. Tanga hubaki jeupe na zuri mpaka siku upepo wa alasiri wa Naivasha unapolipasua kwenye dasi, pale linapovutwa zaidi. Poliesta iliposhika nafasi ya pamba katika matanga kuanzia miaka ya 1950, wanatanga waliokolewa na kuoza, hawakuokolewa na jua. Mashua ya mbao haina nafuu: vanishi ikishapigwa miale, jua huvunja utando wa juu wa mbao uliokuwa ukiishikilia vanishi hiyo, nayo hubanduka vipande vipande hata kama ilipakwa vizuri. Hata hivyo, uharibifu wa jua una tabia moja ya kukumbukwa: huanzia juu na huonekana. Jelikoti iliyofifia husuguliwa ikang'aa tena. Vanishi hukwanguliwa na kupakwa upya. Ni kazi ya kuchosha, lakini chombo kimebaki chombo.

Maji ni hadithi nyingine, na hapa watu wengi wa bara hukosea kwa sababu wanafikiri kama watu wa pwani. Husema mashua ni kitu cha maji, basi mvua itaifanya nini? Jibu ni kwamba maji ya mvua si maji ya bahari. Kuvu anayeozesha mbao anahitaji unyevu, hewa na chakula, naye hushamiri pale mbao inapobeba unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu. Chumvi humtesa. Wajenzi wa merikebu za mbao nchini Marekani katika karne ya 19 walilijua hilo vizuri, wakajaza chumvi katika nafasi zilizo kati ya mataruma ili mbao zisioze. Jahazi la Lamu linalooshwa na maji ya bahari kila siku limekwisha kutiwa dawa bila gharama. Mashua iliyolala Kitisuru hainusi chumvi. Hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na jumla ya mwaka Nairobi hukaribia milimita 1,000, yote ni maji baridi safi, kinywaji anachokipenda kuvu. Katikati ya misimu hiyo kuna Julai na Agosti, wiki za baridi na mawingu ambazo nguo hukaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka. Kilicholowa mwezi Mei huweza kubaki kimelowa hadi Septemba.

Mashua iitwayo Mirror, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1962, inafaa kuwa mfano. Ina urefu wa mita 3.3, imetengenezwa kwa plaiwudi iliyoshonwa kwa waya wa shaba na kuzibwa kwa utepe wa nyuzi za kioo, na ilikusudiwa kujengwa na mtu wa kawaida nyumbani kwake. Plaiwudi ni tabaka za mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, na ncha zake ndizo mdomo wake: hunywa maji hapo na kuyapeleka katikati ambapo jua haliyafikii. Uozo wake huanzia ndani, kwenye kona iliyoshika majani na vumbi, chini ya rangi isiyo na kasoro. Siku kidole kinapozama, fundi anakata kipande kizima. Chombo cha faiba hakiozi hivyo, na wauzaji hupenda kulitaja jambo hilo. Lakini ndani ya faiba nyingi mna povu gumu au mbao iliyofichwa kuimarisha sitaha na shetri, na kila skrubu iliyolegea ni tundu la kupitishia maji. Sitaha ikishaanza kubonyea chini ya goti, maji yamekwisha kuingia siku nyingi.

Sasa iweke juu ya chombo hicho ile karatasi ya buluu. Ni nyuzi za plastiki zilizofumwa na kupakwa plastiki nyingine juu, na ni kifaa kizuri kwa kazi yake, yaani kufunika mahindi yaliyoanikwa mvua inapokuja ghafla, au kumpa mtu aliyepoteza nyumba kivuli cha miezi michache. Haipitishi maji kutoka juu, na pia haipitishi mvuke kutoka chini. Ardhi nyekundu ya Kitisuru hushika maji kwa wiki nyingi baada ya mvua na kuyatoa polepole kama mvuke. Mashua yenyewe hubeba maji katika kamba, katika maboya, katika mikunjo. Mvuke huo hupanda na kunaswa. Usiku mbingu zikiwa wazi, karatasi hupoteza joto upesi, huwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake, na mvuke hugeuka matone upande wa ndani na kudondoka tena sitahani. Asubuhi jua hupasha, matone yanakuwa mvuke, na jioni mzunguko unaanza upya. Mashua iliyofunikwa hivyo hunyeshewa kila usiku hata Januari, wakati wa kiangazi. Anayeinua karatasi hiyo baada ya miezi miwili hukutana na harufu kabla ya kuona kitu, kisha kuvu mweusi kwenye kamba na kwenye tanga alilolisahau ndani.

Kuna pia suala la uzito, ambalo halihitaji utaalamu bali kuzidisha tu. Karatasi isiyo na mgongo wa kuinua katikati hubonyea kati ya ubavu na ubavu. Dimbwi la mita moja kwa mita moja lenye kina cha sentimita 10 hubeba lita 100, nazo ni kilo 100. Mashua ya Laser, iliyobuniwa na Bruce Kirby na kuanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikawa miongoni mwa zilizoenea kuliko zote duniani, ina mwili wa kilo 59. Dimbwi hilo basi ni uzito wa karibu mashua mbili, limekaa juu ya sitaha iliyotengenezwa kwa kukaliwa na mtu kwa saa chache, si kwa kubebeshwa mzigo usiku kucha wiki nzima. Na kwa kuwa mwili umelalia vyuma viwili au vitatu vya trela, uzito wote huo hushukia hapo na kuubonyeza taratibu. Ukiongeza tumbili na kima wa msitu wa Karura, ambao karatasi iliyolegea kwao ni kiwanja cha michezo, utaelewa kwa nini baada ya msimu mmoja vitundu vya kamba vimekatika na pembe zinapigapiga. Pembe inayopigapiga, ikiwa na vumbi upande wa chini, husugua jelikoti kama msasa.

Ndipo ninaposema heri wazi. Mashua iliyoachwa bila kifuniko, nguruzi ikiwa imetolewa, omo ikiinuliwa ili maji yateremkie shetri na kutoka, hulowa ikinyeshewa na hukauka upepo ukivuma. Jua litaichubua uso, na hilo nimelikubali, lakini jua hilohilo litaikausha. Yule aliyefunika kwa plastiki amezuia sehemu ya jua na kuzuia kabisa ukaukaji. Amechagua uharibifu usioonekana badala ya ule unaoonekana. Najua kuna watakaosema kwamba mtu anaweza kufungua karatasi kila kukicha ili hewa ipite. Anaweza, kwa wiki mbili za kwanza.

Turubai linalofaa linatofautiana na karatasi hiyo kwa mambo matatu yanayokwenda pamoja: umbo, kitambaa na njia ya hewa. Umbo ndilo la kwanza, kwa sababu hakuna kitambaa kinachoweza kustahimili dimbwi. Katikati ya chombo panahitaji mgongo, na mara nyingi mlingoti wenyewe ulioshushwa hutosha: unalazwa juu ya viegemeo viwili, kimoja omoni na kimoja shetrini, turubai linapita juu yake na kuteremka pande zote mbili kama paa. Mteremko ukiwa mkali, maji hayana pa kusimama, na majani na maua ya mjakaranda yanayomwagika Oktoba na Novemba huteleza badala ya kukaa na kutia doa. Ukingo wa chini ushuke chini ya ukingo wa mashua kiasi cha upana wa kiganja au zaidi, ili matone yaangukie udongoni. Hapo ndipo kipimo kinapokuwa muhimu. Turubai la jumla lililonunuliwa likiwa limekunjwa dukani litakuwa pana omoni na kubana shetrini, na kila mahali lilipolegea upepo utashika. Lililokatwa kufuata mstari wa chombo hukaa limekazika kwa kanda chache zinazopita chini ya mwili na kufungwa upande wa pili, bila kamba kumi zinazokutana katika fundo lisilofunguka.

Kuhusu kitambaa, ubishi ni mrefu na kila upande una hoja. Turubai la pamba nzito, la jadi, hupumua vizuri kuliko yote, na lina sifa ya ajabu kidogo: likilowa nyuzi zake huvimba na kuziba matundu, maji yasipite. Udhaifu wake ni kwamba pamba nayo ni chakula cha kuvu, hivyo lazima itiwe dawa ya kuzuia kuoza, irudiwe dawa ya kuzuia maji kila baada ya muda, na isikunjwe kamwe ikiwa mbichi. Mchanganyiko wa pamba na poliesta hupunguza udhaifu huo bila kuuondoa. Akriliki, ile iliyotiwa rangi kwenye uzi kabla ya kufumwa, ndiyo inayopendwa na wenye mashua Ulaya na Marekani kwa sababu hustahimili miale vizuri, haiozi na hupitisha mvuke, ingawa maji yanaweza kupenya pale inapogusa kitu au inaposuguliwa. Bei yake huuma. La mwisho ni turubai la lori, poliesta iliyopakwa plastiki pande zote: gumu, lisilopitisha maji wala mvuke, lenye nguvu za kubeba fundi mwenyewe akitaka kukalia. Kwa lori linalokwenda Malaba ni sawa. Kwa mashua lina kosa lilelile la karatasi ya buluu, na linaweza kuvumilika tu ikiwa limekatiwa matundu makubwa ya hewa yenye vifuniko omoni na shetrini. Mimi kwa Kitisuru ningechagua pamba iliyotiwa dawa au mchanganyiko wake, si kwa sababu ni bora kuliko akriliki kwa kila hali, ila kwa sababu ndicho kitambaa ambacho mafundi wa Nairobi wanakifahamu kwa vidole.

Jambo hilo la mafundi lina uzito kuliko linavyopewa. Nairobi imeishi kwa biashara ya safari kwa zaidi ya karne moja, na Theodore Roosevelt alipofika mwaka 1909 kuanza safari yake ya uwindaji tayari kulikuwa na makampuni ya kuandaa misafara. Hema nyingi zinazosimama leo katika kambi za Maasai Mara zimeshonwa jijini. Fundi anayeshona hema linalokaa juani na mvuani miaka mingi anajua mshono wa kukunja mara mbili ambao maji hayapiti, anajua kuweka kiraka cha ziada pale mti unapogusa kitambaa, na anajua kwamba uzi wa pamba utakatika kabla ya kitambaa, kwa hiyo anatumia uzi mnene wa poliesta. Asichokijua ni mashua, na hilo si kosa lake. Mwenye chombo ndiye anayepaswa kumweleza kwamba vishikizo vya chuma visiwekwe mahali vitakapogusa jelikoti, kwamba zipu iwe ya plastiki na ifunikwe na ulimi wa kitambaa, kwamba pete za vitundu ziwe za shaba ili zisitoe kutu. Njia bora ni kutomtumia vipimo kwa simu. Chukua karatasi nyembamba ya nailoni, ilaze juu ya mashua mlingoti ukiwa mahali pake, ikaze kwa gundi ya utepe, chora mstari wa kila ukingo na kila kitu kinachochomoza, kisha mpelekee karatasi hiyo. Hapo ndipo karatasi ya plastiki inapopata kazi inayoiweza.

Wapo wanaopinga kwa kutumia mfano wa pwani. Husema wazee wetu walikuwa na majahazi, ngalawa na mitepe kabla Nairobi haijawa hata kituo cha reli, na hatukuwahi kusikia jahazi lililovishwa nguo. Hoja hii inastahili heshima, lakini inasahau nusu ya kazi ya wazee hao. Chombo kilichopandishwa ufuoni miezi ya kusi kali hakikuachwa hivihivi. Tanga lilibanduliwa kwenye foromali na kuhifadhiwa nchi kavu, mbao zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ya chini ikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa dhidi ya wadudu watobozi. Wajenzi wa Matondoni, Lamu, hupenda kufanya kazi chini ya kivuli, maana mbao ikipigwa jua moja kwa moja hupasuka. Na paa la makuti ni nini, kama si kifuniko chenye mteremko mkali, kinachomwaga mvua na kupitisha hewa katika kila utepe wa kuti? Sifa zilezile tatu. Kuna tofauti moja ya kweli: chombo cha mbao nene zilizounganishwa na kukalafatiwa hakitakiwi kukauka mno, kwani mbao zikinywea viungo huachana na kalafati hutoka, kisha kikirudi majini kinavuja mpaka kivimbe. Anayekumbuka hilo huogopa kukausha mashua yoyote. Lakini plaiwudi na faiba hazina viungo vya namna hiyo. Kwao ukavu hauna hasara.

Wengine husema suluhisho ni banda, si turubai. Katika viwanja vya Kitisuru, vingi vikiwa vikubwa kuliko vya mitaa mingine, nafasi ipo. Sitabishana sana: paa la juu lililo wazi pande zote, lenye upepo unaopita, ni bora kuliko turubai lolote, na mwenye nalo anahitaji shuka jepesi la pamba la kuzuia vumbi na kinyesi cha ndege tu. Tatizo ni mabanda yanayojengwa hasa. Banda la mabati lililofungwa kuta nne hupata joto kali mchana na kutoa jasho usiku kwa sababu zilezile za karatasi ya buluu, likageuka sanduku la panya na manyigu. Tena banda halisafiri. Mashua inayokwenda Kilifi kwa wiki mbili za likizo ya Desemba itasimama ufuoni, na vumbi lote la njia ya Mombasa litaikuta ikiwa haina nguo, isipokuwa ile iliyoshonewa.

Pingamizi la gharama ndilo linalosikika zaidi, na hujibiwa vibaya na wale wanaosema turubai ni rahisi. Si rahisi. Kwa mashua kuukuu iliyonunuliwa kwa bei ya chini, turubai zuri linaweza kuonekana ni gharama isiyolingana na chombo. Lakini kipimo sahihi si bei ya mashua, ni bei ya vitu vinavyoharibika bila turubai: tanga jipya, ambalo kwa kawaida huagizwa kutoka nje na kulipiwa ushuru, kamba zote, sitaha ya kukatwa na kubandikwa upya. Nchini ambamo mashua ndogo za mashindano haziundwi kwa wingi, kila chombo kilichooza ni kimoja kilichotoweka, na vijana wanaojifunza tanga katika klabu hutegemea hasa vile vilivyokwisha kutumiwa na wengine. Asemaye kwamba huu ni mchezo wa matajiri wa mitaa yenye miti anasema kweli nusu. Mvuvi wa Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria, mwenye boti ya mbao yuko katika vita ileile na maji baridi, akiwa na akiba ndogo kuliko mtu wa Kitisuru, na kanuni ya mteremko na hewa haimgharimu kitambaa cha akriliki. Makuti au matete yaliyopangwa vizuri yatamfaa.

Liko pingamizi moja ambalo naliona zito kuliko yote, na sina jibu la kulimaliza. Turubai likiwa zuri mno humfanya mwenye chombo alale. Lililokazwa vizuri, safi, limemwaga mvua zote za masika, halimwiti mtu aje kuangalia. Na chini yake siafu wanaweza kuhamia, nyoka akatafuta joto, au ule mshono mmoja uliofunguka ukadondosha maji mahali pamoja kwa miezi miwili. Mashua iliyo wazi angalau humtia mwenyewe aibu kila anapopita. Hakuna ushonaji unaoweza kutibu uvivu. Kinachowezekana ni kumfanyia mvivu kazi iwe nyepesi: zipu ndefu upande mmoja, inayofunguka kwa mkono mmoja bila kuvua turubai zima, na dirisha dogo la wavu shetrini la kuchungulia. Fungua asubuhi ya jua angalau mara moja kwa mwezi, na mara mbili wakati wa baridi ya Julai. Maboya, kamba na usukani vikae ndani ya nyumba, pamoja na tanga lililoviringishwa likiwa kavu, si kukunjwa.

Turubai lenyewe, bila shaka, litakufa. Miale ambayo ingekula jelikoti italila lenyewe, uzi ukianza na kitambaa kikifuata, na baada ya miaka kadhaa kidole kitalipasua upande unaopigwa zaidi na jua. Hiyo ndiyo kazi lililonunuliwa kufanya. Siku ya kulichukua kwa fundi, mwombe na ile karatasi ya nailoni aliyokatia, uiandike upande upi ni omo na upi ni shetri, uitunze darini. La pili litashonwa bila mashua kusogea, na ni vizuri kuliagiza Januari au Februari, kabla mafundi wa hema hawajaanza kuletewa kila kilichovuja katika mvua za kwanza za Machi.